Kufuli, Kitasa na Komeo: Istilahi za Kubadilisha Vifaa vya Kufungia Milango

Madhumuni ya makala haya ni kuzungumzia maneno yanayotumika wakati kifaa cha kufungia mlango kinapochakaa au kuharibika, ikapasa kitengenezwe au kiwekwe kingine mahali pake. Huenda msomaji akajiuliza kama jambo dogo namna hii lastahili kurasa za jarida la istilahi. Ni kweli kwamba mambo ya falaki, ya sheria na ya uganga yana istilahi ngumu zaidi. Lakini mlango ni kitu kilichopo katika kila ofisi, kila shule, kila duka na kila nyumba, na barua za kuagiza au kutengeneza vifaa vyake huandikwa kila siku kwa Kiswahili. Penye matumizi mengi ndipo kosa la neno linapoleta hasara nyingi.

Mwandishi alijifunza hayo kwa kosa lake mwenyewe. Miaka mingi iliyopita alipewa orodha ya Kiingereza ya matengenezo ya shule moja ya bweni, aifasiri ili ipelekwe kwa muuzaji wa vifaa. Kiingereza kina neno moja la jumla linaloweza kutaja kifaa kinachoning'inia nje ya mlango na pia kile kilichomo ndani ya ubao wake. Mwandishi, bila kwenda kuitazama milango yenyewe, akaandika "kufuli 24". Yakaletwa makufuli 24, mazuri kabisa, na milango ikabaki na vitasa vyake vibovu. Kwa kuwa fedha zilikwisha kutumika, seremala akaambiwa apigilie tumbuu kwa upande wa nje ili makufuli yapate pa kushika. Kwa siku kadhaa mabweni yale yakawa hayafungiki ila kwa nje, na aliyekuwa ndani hakuwa na njia ya kujifungulia. Mwalimu wa zamu ndiye aliyeitambua hatari hiyo, na makufuli yakaondolewa. Hakuna aliyedhurika, lakini tangu siku hiyo mwandishi hakuthubutu tena kuliona neno "kufuli" kuwa neno dogo.

1. Maneno matatu yasiyolingana

Kiswahili, tofauti na lile neno la jumla la Kiingereza, hutenga dhana hizi waziwazi, na mfasiri hana sababu ya kuzichanganya.

Kufuli, neno lililotoka katika Kiarabu, ni kifaa kinachojitegemea. Hakikupigiliwa mlangoni. Hutundikwa kwenye tumbuu au mnyororo, na kikifunguliwa chaweza kuchukuliwa mkononi na kutiwa mlango mwingine. Milango mingi ya kale iliyochongwa katika Mji Mkongwe wa Unguja huonekana hadi leo ikiwa na mnyororo na tumbuu za kutilia kufuli.

Kitasa ni kifaa kilichofungwa katika mlango wenyewe na kuwa sehemu yake. Huwezi kukiondoa bila bisibisi. Aghalabu chaweza kufungwa na kufunguliwa kutoka pande zote mbili za mlango, na hapo ndipo ilipo tofauti yake kubwa na kufuli.

Komeo halina ufunguo. Ni chuma au mti unaosukumwa kwa mkono ili uingie katika mwimo au katika kizingiti, na kwa kawaida huwa upande wa ndani. Liko pia neno kia, ambalo kamusi hulieleza karibu sawa na komeo. Ili kupunguza utata, twapendekeza komeo litumike kwa kifaa kilichopigiliwa mlangoni, na kia kwa mti mzima unaopachikwa kukingama mlango na kuondolewa kila asubuhi.

2. Kitenzi "funga" na upungufu wake

Ikiwa katika majina Kiswahili kimeizidi Kiingereza kwa kupambanua, katika kitenzi hapana budi tuwe waangalifu. Tukisema "mlango umefungwa", msikilizaji hajui kama umesukumwa tu hadi mahali pake au umetiwa ufunguo. Katika mazungumzo jambo hili halidhuru, kwani watu huuona mlango wenyewe. Katika maandishi ya kazi ladhuru sana. Karani aliyeandika katika daftari la zamu kwamba ghala "lilifungwa" saa 12 jioni hakumwambia msomaji kama kitasa kilitiwa ufunguo au la. Na siku mali itakapopotea, neno hilo moja halitamwokoa wala halitamhukumu.

Lugha yenyewe ina dawa. Mlango unaposukumwa ukafika mahali pake bila kukazwa kwa kitu, twasema umeshindikwa. Ukizuiwa kwa komeo, umekomewa. Na kinyume chake ni kukomoa. Ukitiwa kufuli, tuseme umetiwa kufuli. Ukifungwa kwa kitasa, tuseme umefungwa kwa ufunguo. Maneno haya si mapya. Wazee wa pwani huyatumia bila kuyafikiria, nasi tunayaacha yapotee kwa sababu "funga" lina wepesi ulimini.

Yafaa pia tutazame neno ufunguo. Limetokana na kitenzi "fungua", si "funga". Waliolitunga neno hilo walikiita kifaa kwa kazi yake ya kufungua. Maana hiyo tutairudia mwishoni.

3. Sehemu za kitasa

Fundi asiyeweza kuitaja sehemu iliyoharibika hubadilisha kitu kizima, na mteja asiyeweza kuitaja hulipa gharama ya kitu kizima. Kwa hiyo inatupasa kuwa na jina la kila sehemu.

Kiwiliwili cha kitasa twaweza kukiita kisanduku. Ukingoni mwa kisanduku pana bamba la uso, linaloonekana kwenye unene wa ubao mlango unapokuwa wazi. Kutoka katika bamba hilo hutokeza ndimi. Ulimi wa kwanza umekatwa mshazari na husukumwa na springi. Hurudi ndani mtu anapouzungusha au kuukandamiza mkono wa mlango. Huo tuuite ulimi wa mkono. Wa pili ni wa mraba, hauna springi ya kuusukuma nje, na hutoka au kurudi kwa nguvu ya ufunguo peke yake. Huo tuuite ulimi wa ufunguo. Tumechagua kuzitaja ndimi hizi kwa kile kinachoziendesha, kwa sababu umbo laweza kubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, bali kazi haibadiliki. Upande wa pili, katika mwimo, pana bamba lenye matundu ya kupokea ndimi hizo. Tuliite bamba la mwimo.

Kwa namna kinavyowekwa, kitasa ni cha aina mbili. Kitasa cha kubandika hukazwa kwa skrubu juu ya uso wa ndani wa mlango, na kisanduku chake huonekana chote. Kitasa cha kuzamisha huingizwa katika shimo lililochimbwa kwa patasi ndani ya unene wa ubao, na huonekana bamba la uso tu.

Kwa namna kinavyoutambua ufunguo wake, kuna aina nyingine mbili. Katika ya kwanza, ndani ya kisanduku mna vibamba vyembamba, kila kimoja kikiegemea ekseli na kuinuliwa na ufunguo. Kila kibamba sharti kiinuke kwa kimo chake hasa. Kikizidi au kikipungua, ulimi hausogei. Robert Barron wa Uingereza ndiye aliyeipatia hataza njia hiyo mwaka 1778. Katika elimu ya fizikia kifaa cha namna hii huitwa wenzo, na wingi wake ni nyenzo. Wako watakaopinga kwa kuwa "nyenzo" siku hizi hutumika zaidi kwa maana ya vifaa vya kufanyia kazi. Pingamizi hilo lina uzito, lakini katika maneno "kitasa cha nyenzo 3" au "kitasa cha nyenzo 5" idadi yenyewe humwonyesha msomaji maana iliyokusudiwa. Kadiri nyenzo zinavyokuwa nyingi ndivyo kitasa kinavyokuwa kigumu kufunguliwa na asiye mwenyewe. Ndiyo sababu milango ya vyumba vya ndani hutosheka na nyenzo 2 au 3, na mlango wa nje ukastahili 5.

Katika aina ya pili, kisanduku hupokea silinda, na ndani ya silinda mna safu ya pini zilizokatwa vipande viwili viwili, aghalabu safu 5 au 6, zikisukumwa na springi ndogo. Meno ya ufunguo huziinua pini hizo hadi maungio yake yote yalingane. Hapo kiini cha silinda huzunguka. Wazo hili ni la kale sana. Wamisri wa zamani walikuwa na vitasa vya mti ambavyo pini zake ziliangukia katika komeo na kulizuia, na ufunguo wa mti ukaziinua. Linus Yale mdogo, wa Marekani, aliligeuza wazo hilo kuwa silinda ndogo ya chuma na kupata hataza yake mwaka 1861. Neno "silinda" limekwisha kuzoeleka kwa mafundi wa magari na wauzaji wa gesi, wala hatuoni haja ya kulitafutia mbadala.

4. Kuchakaa, kuharibika na kubadilisha

Si kila kitasa kinachosumbua kimeharibika. Wenye kuandika taarifa za matengenezo wangefanya vyema kutaja dalili kabla ya kutaja dawa. Tunazieleza hapa dalili zilizo za kawaida pamoja na maneno yake.

Mlango kushuka. Skrubu za bawaba zinapolegea, mlango huinama, na ndimi hazilingani tena na matundu ya bamba la mwimo. Wakati wa masika ubao nao huweza kuvimba. Jaribio lake ni rahisi: fungua mlango, kisha uzungushe ufunguo mlango ukiwa wazi. Ulimi ukitoka na kurudi bila taabu, kitasa ni kizima. Kinachotakiwa ni kukaza bawaba au kusogeza bamba la mwimo. Fedha nyingi hutumika kununua vitasa vipya ambavyo baada ya juma moja hukwama kama vile vya zamani, kwa sababu ugonjwa haukuwa wa kitasa.

Ufunguo kulika. Meno ya ufunguo hupungua kwa matumizi ya miaka. Jaribu ufunguo wa akiba ambao haukutumika sana. Ukifanya kazi, chongesha mwingine kutokana na huo wa akiba, wala si kutokana na uliolika, kwani nakala hufuata kasoro za asili yake.

Springi kukatika. Dalili yake ni mkono wa mlango kuning'inia, au ulimi wa mkono kubaki ndani baada ya kuachiliwa.

Kukwama kwa kutu na vumbi. Karibu na bahari, hewa ya chumvi huila chuma upesi. Watu wengi hutia grisi au mafuta mazito, nayo hukamata vumbi na kugeuka gundi. Kwa silinda, unga mkavu wa grafaiti, yaani kitu kile kile kilichomo katika kalamu ya risasi, hufaa zaidi.

Silinda kuchakaa. Ufunguo huingia lakini hauzunguki mpaka utikiswe. Hapa si lazima kubadilisha kitasa kizima. Katika aina nyingi za kuzamisha, silinda hushikwa na skrubu moja ndefu inayopita katika bamba la uso. Skrubu hiyo hufunguliwa, ufunguo huzungushwa kidogo hadi kijino cha silinda kijifiche, kisha silinda huvutwa nje na nyingine ya urefu ule ule ikaingizwa.

Ufunguo kupotea. Kitasa ni kizima, bali usalama wake umekwisha. Fundi aweza kupanga upya pini ili ufunguo wa zamani usifanye kazi tena, au kubadilisha silinda. Mambo haya mawili yana gharama tofauti, na kuyaita yote "kubadilisha funguo" ni kumwacha mhasibu gizani.

Kitasa kuvunjwa. Mwizi alipokwisha kukibomoa kisanduku, hapana budi kubadilisha kitasa kizima. Lakini yafaa kutazama pia ubao na mwimo, kwani kitasa kipya katika mwimo uliopasuka ni pambo tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. Namna ya kuandika agizo

Agizo lililoandikwa "vitasa 10 vya milango, aina nzuri" humwachia muuzaji uamuzi wote. Kitasa kipya kisipolingana na shimo la zamani, seremala hulazimika kuchimba upya, na ubao hudhoofika. Kwa kitasa cha kuzamisha vipimo vinavyotakiwa ni hivi: kina cha kisanduku, kuanzia bamba la uso hadi nyuma yake, umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo, umbali kutoka katikati ya tundu la mkono hadi katikati ya tundu la ufunguo, na unene wa mlango. Vitasa vingi vya mtindo wa Uingereza vina kina cha inchi 2½ (milimita 64) au inchi 3 (milimita 76), na tofauti hiyo ya nusu inchi yatosha kuliharibu agizo zima.

Silinda hupimwa kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi kila ncha. Silinda ya "35 na 35" ina urefu wa milimita 70. Isitokeze nje ya bamba la mkono zaidi ya milimita 3 hivi, kwani iliyotokeza sana hushikwa kwa koleo na kuvunjwa.

Kwa hiyo agizo lililo sahihi laweza kusomeka hivi: "Vitasa 10 vya kuzamisha, vya nyenzo 5, vyenye ulimi wa mkono na ulimi wa ufunguo, kina milimita 76, kila kimoja na funguo 2." Maneno machache, lakini hayana pa kukosea.

6. Maneno na maisha

Mwezi Machi 2001 bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos nchini Kenya, liliteketea usiku kwa moto, na wanafunzi 67 wakapoteza maisha. Bweni lilikuwa na milango miwili, na mmoja ulikuwa umefungwa. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaoagiza kwamba milango ya mabweni iwe na upana usiopungua futi 5, ifunguke kuelekea nje, na isifungwe kutoka nje wakati wanafunzi wamo ndani.

Tuombe mfasiri asiye mwangalifu aweke agizo hilo katika Kiswahili. Huenda akaandika: "Milango ifunguke kwa nje na isifungwe kwa nje." Katika sehemu ya kwanza "kwa nje" ni upande ambao ubao wa mlango huelekea, katika ya pili ni mahali asimamapo mwenye ufunguo. Maneno ni yale yale, maana ni mbili, na mwalimu mkuu aliyeyasoma kwa haraka aweza kudhani kwamba mlango usiofunguka bila kufuli ya nje umetimiza sharti. Twapendekeza iandikwe: "Milango ifunguke kuelekea nje, na isitiwe kufuli wala kufungwa kwa ufunguo kutoka upande wa nje wakati wanafunzi wamo ndani." Sentensi imekuwa ndefu zaidi, lakini urefu huo una kazi.

7. Jambo la sarufi na jambo la adabu

Umoja ni ufunguo huu, wingi ni funguo hizi. Siku hizi husikika "funguo hii moja" hata katika maandishi ya ofisi. Walimu na walisahihishe, kwani katika hati ya makabidhiano tofauti ya ufunguo mmoja na funguo nyingi ni tofauti ya dhamana.

Aidha, ufunguo mmoja unaofungua vitasa vyote vya jengo huitwa mitaani "ufunguo malaya". Msemo huo una ucheshi wake, lakini haufai katika hati za serikali wala darasani. "Ufunguo mkuu" latosha.

Istilahi zinazopendekezwa

Bamba la mwimo: bamba lenye matundu ya kupokea ndimi za kitasa.
Bamba la uso: bamba la ukingoni mwa kitasa ambamo ndimi hutokeza.
Kitasa cha kubandika: kitasa kilichokazwa juu ya uso wa mlango.
Kitasa cha kuzamisha: kitasa kilichoingizwa ndani ya unene wa mlango.
Kitasa cha nyenzo: kitasa ambacho ufunguo huinua vibamba vya ndani.
Kitasa cha silinda: kitasa ambacho ufunguo huinua pini ndani ya silinda.
Kupanga upya pini: kurekebisha silinda ipokee ufunguo mwingine.
Kushindika: kusukuma mlango hadi mahali pake bila kuukaza.
Tumbuu: pete ya chuma iliyopigiliwa, ya kupitishia kufuli.
Ufunguo mkuu: ufunguo unaofungua vitasa vyote vya jengo.
Ulimi wa mkono: ulimi unaorudishwa kwa mkono wa mlango.
Ulimi wa ufunguo: ulimi unaoendeshwa na ufunguo peke yake.

Orodha hii haikukamilika, wala haidai kuwa neno la mwisho. Mafundi wa Tanga, Mombasa, Kigoma na Unguja wana majina yao, na huenda mengine ni bora kuliko haya. Tunawaomba wasomaji wayakusanye kutoka vinywani mwao kabla hayajasahauliwa. Nao wafasiri twawaomba jambo moja dogo: kabla ya kuandika jina la kifaa, waende kwanza wakautazame mlango, na wajiulize ni nani atakayekuwa ndani na ataufunguaje.